Daftari la Mlangoni

Jumatatu, 3 Agosti

Karatasi mpya mlangoni mwa maktaba. Imebandikwa kwa gundi, si kwa pini — maana yake hawana nia ya kuibandua. Kuanzia Jumatatu tarehe 17 tutafungiwa saa kumi jioni badala ya saa moja. Jumamosi hakuna kabisa. Sababu: "uchache wa wasomaji wa jioni."

Uchache! Niliingia nikahesabu vichwa. Fundi cherehani yupo na kamusi yake. Askari wa benki yupo, kofia kaificha chini ya kiti. Wasichana wanaosomea uuguzi, watatu. Mzee Gazeti ndiyo usiseme, yule ni mali ya jengo. Pamoja na wengine tulikuwa kumi na saba. Sasa uchache wa nani?

Mimi natoka kazini saa kumi. Saa kumi ile ile! Kama vile mtu kakaa chini akauliza: yule mama wa dobi ya hospitali anatoka saa ngapi? Basi tufunge hapo hapo.

Mtihani ni tarehe 5 Oktoba. Wiki tisa. Hesabu sijafika hata kwenye duara, na kile kitabu kizuri cha hesabu kimepigwa mhuri HAKITOKI. Kinasomwa pale pale au hakisomwi.

Hapa kuna namna. Tangazo halina jina wala sahihi, lina mhuri tu. Mtu mwenye nia njema haogopi kuandika jina lake.

Jumanne, 4 Agosti

Nimejaribu kusomea nyumbani, nione kama inawezekana. Haiwezekani. Meza ni moja. Upande huu binti yangu na madaftari yake ya kidato cha tatu, upande ule Baba Watoto na spana zake — fundi bomba huyu hawezi kula bila kuweka spana mezani, sijui anaogopa zitatoroka. Nikaweka kitabu changu ndani ya gazeti. Binti akauliza, Mama, unasoma nini hadi midomo inacheza? Nikamwambia matangazo ya vifo. Akanitazama.

Huyu mtoto ananichunguza. Tangu Januari. Shuleni waliwapa fomu, elimu ya mzazi, akaja mbio: Mama, nionyeshe cheti chako cha kidato cha nne nikione kilivyo. Nikasema kiliungua. Akauliza kiliungua na nini. Nikasema na moto! Kiungue na nini kingine?

Ukweli ni kwamba cheti hakijawahi kuwepo. Niliishia kidato cha pili. Walipokuja kuniposa, marehemu mama aliwaambia binti yangu kamaliza na kafaulu, na mimi nilikuwa chumba cha pili nasikia. Nikanyamaza. Miaka kumi na saba nimenyamaza. Baba Watoto mwenyewe aliishia la saba, na kila penye watu anajigamba: "Mwenzenu nimeoa msomi." Fomu zote za nyumba hii najaza mimi. Barua za wateja wake, mimi. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekuwa ndefu, lakini mwisho wake naanza kuuona.

Ndiyo maana nimejiandikisha mtihani wa kidato cha nne. Nataka ule uongo uwe kweli kabla hawajaugundua. Nyumbani wanajua niko zamu ya jioni.

Jumatano, 5 Agosti

Leo kaja mwanamume na futi! Anapima ukuta wa madirisha, kuanzia mlango wa stoo mpaka rafu ya magazeti. Na nani anamshikia ncha ya futi? Bi Kimya. Ndiye mkutubi wetu. Tulimpa jina hilo kwa sababu siku nzima ana neno moja tu. Wananong'ona. Yeye ambaye anatukataza kunong'ona!

Askari wa benki akasema kwa sauti ya chini, hapo mmeuzwa, watagawa ofisi. Fundi cherehani akasema la, kutakuwa na ukumbi wa sherehe, yeye kashaona viti vikishushwa nyuma ya jengo. Mzee Gazeti akafunua ukurasa wa michezo.

Nikapita karibu yao makusudi, kama natafuta kitabu. Nikayadaka maneno mawili: "mita saba" na "kabla ya mwisho wa mwezi". Bi Kimya aliponiona akafunga mdomo. Nikamuuliza kwa adabu, dada, kuna ukarabati? Akajibu: "Tuendelee kusoma, tafadhali."

Penye moshi hapakosi moto. Kwanza wanasema hatuji, halafu wanapima chumba. Mwanamke huyu miaka yote natabasamu naye pale kaunta, kumbe kashatupangia bei. Nimerudi nyumbani nimekasirika mpaka nimeunguza chakula. Swali la kumi na mbili sikulifikia.

Ijumaa, 7 Agosti

Nimegombana na muuguzi wa wodi ya nne. Kaleta mashuka machafu, kwenye karatasi kaandika "bando moja". Nikamuuliza bando ni mashuka mangapi? Akasema dada yangu, bando ni bando. Hapana! Bando linaweza kuwa ishirini, linaweza kuwa kumi na tisa na la ishirini liko kitandani kwa mtu. Nikalifungua mbele ya macho yake, nikahesabu moja moja. Kumi na nane. Kaondoka analalamika kwamba mimi nashuku hata kivuli changu. Sawa. Miaka kumi na mmoja niko dobi na foronya haijapotea mikononi mwangu.

Jioni nikachungulia ofisi ya Bi Kimya, mlango ulikuwa wazi kidogo. Ameshika daftari la mlangoni, lile la kusaini. Anapitisha rula mstari kwa mstari, anaandika namba pembeni, anatikisa kichwa. Anatafuta jina la nani?

Jasho likanitoka. Langu halipo, lakini jasho likanitoka. Binti yangu huja Jumamosi na darasa lake, na mtoto yule husoma kila kitu, hata maandishi ya kwenye sabuni. Daftari liko wazi mezani kwa mlinzi. Jina. Namba ya kadi. Saa ya kuingia. Sababu ya kuja. Saa ya kutoka. Mimi niandike nini pale kwenye sababu? Tangu Februari nilimuomba Mzee Gazeti: wewe saini, mimi niandikie tu "na mwenzangu". Akakubali, mstaarabu yule. Alikuwa mwalimu kabla ya kustaafu, haulizaulizi mambo ya watu. Ndiye pia ananielekeza hesabu.

Kama Bi Kimya anapeleleza, hatanipata humo.

Jumapili, 9 Agosti

Baba Watoto kauliza zamu ya jioni inaisha lini. Hakuuliza kwa ukali. Hilo ndilo baya. Angefoka ningejua pa kushika.

Nikasema mpaka Oktoba. Akasema "Oktoba," akaendelea kufunga kamba za viatu. Muda mrefu. Viatu viwili vina kamba ngapi?

Baadaye nikakagua mkoba. Kile kikaratasi alichonipa Mzee Gazeti wiki iliyopita kimo, lakini kimekunjwa mara mbili. Mimi nilikikunja mara nne! Nikakisoma tena, safari hii kwa macho ya mume wa mtu. "Usikate tamaa. Kesho saa kumi na moja, mahali petu, nitakuonyesha njia nyingine." Mungu wangu. Ni ile njia nyingine ya kutafuta x! Mahali petu ni meza ya dirishani! Lakini nani ataamini? Hata mimi ningemkuta nacho mtu ningeshajua la kusema.

Nikienda kumwambia ni hesabu, ataniuliza msomi anafundishwa hesabu za nini.

Jumatatu, 10 Agosti

Nimeamua. Nimemfuata Bi Kimya mpaka ofisini, nikafunga mlango, nikamwambia: dada, mimi si mtoto, chumba kile mmekipangisha kwa nani?

Akanitazama kama sina akili. Akasema hakijapangishwa. Nikamwambia mtu wa futi nilimuona. Akafungua kabati, akatoa kitambaa kizito cha bluu. Mapazia. Jua la jioni linatupiga machoni sisi wa upande wa dirisha, ameandikia barua makao makuu miaka miwili hawajajibu, sasa kampata yule wa futi amshonee taratibu. Alinyamaza nilipopita kwa sababu alitaka tuyakute yametundikwa. Alitaka tushangae.

Nilitamani sakafu ipasuke. Lakini sikurudi nyuma. Nikasema, na hiyo habari ya uchache mmeitoa wapi?

Hapo akakasirika yeye. Kumbe sauti anayo! Akalivuta daftari, akafungua Julai. "Soma mwenyewe." Nikasoma. Jumatatu jioni: Mzee Gazeti na wenzake. Jumanne jioni: Mzee Gazeti na wenzake. Jumatano, Alhamisi, mwezi mzima, mwandiko ule ule mzuri wa kialimu. Saa ya kuingia ya watu wote moja, ya kutoka moja. Makao makuu hawahesabu wenzake, akasema. Wanahesabu mistari. Mstari mmoja, msomaji mmoja. Miezi sita maktaba hii ina msomaji mmoja wa jioni, na taa zinawashwa kwa ajili yake. Aliwaandikia kwamba anatuona kwa macho. Wakamjibu macho yake hayana mhuri.

"Mimi nilimwambia mlinzi asimamie," akasema. "Akasema mmemkatalia nyote. Sijui nani aliwaanzishia mchezo huu."

Bando moja! Mimi, ninayefungua mabando ya watu na kuwahesabia moja moja, ndiye niliyewafunga wenzangu kwenye bando moja. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo yenyewe nilijishonea.

Amesema mkaguzi anakuja Ijumaa jioni, saa kumi na moja. Atatazama daftari, halafu atatazama viti. Mistari ikilingana na vichwa, tangazo linaweza kuondolewa. Isipolingana, basi. Nikamuuliza, lazima majina kamili? Akasema jina kamili, kadi, na sababu. Bila sababu wanaufuta mstari.

Jumanne, 11 Agosti

Tulikutana wote barazani, kumi na sita na mimi. Mzee Gazeti akaeleza. Nilidhani watakimbilia kalamu. Hakuna!

Kumbe kila mtu ana lake. Askari wa benki anatakiwa awe lindoni muda ule, kamwachia mwenzake. Jina lake likionekana hana kazi. Fundi cherehani kamwambia mkewe yuko dukani. Mmoja wa wale wasichana mjomba wake hataki asomee uuguzi, anataka asomee uhasibu. Kuna bwana mmoja husoma kitabu cha malezi kila jioni; hatujui anaficha nini, lakini kajibu haraka mno: "Mimi naingia tu kupumzika." Miezi sita nilidhani mwizi ni mmoja, kumbe tuko kambi nzima.

Fundi cherehani ndiye aliyesema. Anza wewe, dada. Mambo haya ya "na mwenzangu" wewe ndiye uliyatuletea, sisi tukafuata. Ukiandika, tutaandika. Wengine wote wakaitikia kwa kichwa. Mzee Gazeti hakunitetea, alitazama viatu vyake. Nikasema nitaandika. Nilisema haraka ili niondoke.

Sasa nawaza: je, Fundi anataka nianze ili apate kunichungulia jina? Kwani ananijua? Mkewe anasali pamoja na wifi yangu!

Hapana. Nimechoka kushuku. Lakini sijui namna nyingine ya kuishi.

Jumatano, 12 Agosti

Binti kanipokea mlangoni. Kasema, Mama, jana Baba alipita kazini kwako saa kumi na moja, alikuwa na bomba la kutengeneza mtaa ule. Akakuta kufuli.

Nikamuuliza kasema nini? "Hajasema. Kauliza tu kama dobi ina mlango wa nyuma."

Haina.

Wakati wa chakula kanipakulia Baba Watoto. Kanipakulia yeye! Kisha kaniuliza, umechoka? Nikasema nimechoka. Akasema pole.

Alhamisi, 13 Agosti

Asubuhi kanyoa ndevu. Katikati ya wiki. Kamwambia binti ampigie pasi shati jeupe, lile la misiba na vikao. Kwa hiyo kuna kikao. Atakwenda kwa kaka yake kunishtaki, na kikaratasi atakuwa nacho — nimeangalia mkoba, kimetoweka.

Nilitaka kumwambia. Kweli kabisa nilitaka. Nikasimama mlangoni, yeye yuko kwenye kioo na povu shavuni. Nikasema, Baba Watoto. Akasema, naam. Nikasema sukari imeisha.

Kama kesho nisipoandika jina, hawatoandika wote, na Jumatatu mlango unafungwa saa kumi. Mtihani utanipita. Nikiandika, Jumamosi binti atasoma jina la mama yake na sababu yake, kwa mwandiko wa mama yake. Nikiandika sababu ya uongo? "Kupumzika", kama yule bwana? Nitakuwa nimedanganya hata daftari.

Nampenda mume wangu. Sijawahi kuliandika hili popote. Naogopa atakavyonitazama siku atakapojua kwamba fomu zote zile alikuwa anajaziwa na mtu wa kidato cha pili.

Ijumaa, 14 Agosti

Naandika hapa hapa maktaba, kwenye benchi la mlinzi, kwa penseli. Saa kumi na dakika arobaini. Wenzangu wamepanga foleni wanadhani kuna fomu najaza. Wamegoma kunipita.

Nilifika mbio kutoka kazini, mikono bado inanuka sabuni. Nikasema nisifikirie, niandike tu. Mlinzi akanigeuzia daftari. Kalamu yake kaifunga kwa kamba kwenye mguu wa meza, haendi mtu nayo. Ukurasa wa leo una mistari miwili tu ya jioni. Wa kwanza, Mzee Gazeti. Peke yake, bila mwenzake.

Wa pili ni Baba Watoto.

Nilisoma mara tatu. Jina lake kamili, la baba yake na la babu yake, herufi kubwa zinazopanda mlima. Namba ya kadi: SINA. Saa ya kuingia: saa kumi na dakika kumi. Sababu ya kuja: KUMTAFUTA MKE WANGU. Saa ya kutoka — pako wazi.

Miaka kumi na saba mtu huyu hajajaza fomu. Hata ya benki. Mlinzi anasema alitaka kumsaidia akakataa, akaandika mwenyewe, pole pole, anafuta jasho. Na mlinzi anafurahi! Ananiambia, "Huyu naye ni mstari, dada, mkaguzi atamhesabu."

Nani kamleta hapa? Binti? Fundi na mkewe? Au kanifuata tangu Jumanne? Na kwa nini aandike vile, mahali ambapo kila mtu anasoma? Anataka kuniaibisha, au ndivyo ilivyo tu, katafuta sababu akaandika ile aliyonayo?

Nimerudi mezani. Nikaandika jina langu lote. Limesomeka. Nikaandika namba ya kadi. Saa ya kuingia. Nikafika safu ya nne, nikaiacha kalamu inaning'inia, nikaja kukaa hapa.

Kupitia kioo namwona. Shati jeupe. Kakaa meza ya dirishani, uso kwa uso na Mzee Gazeti, na kile kikaratasi kiko katikati yao. Mzee ana miaka sabini na meno manne. Hawagombani. Mzee anachora kitu hewani kwa kidole, mviringo, tena mviringo, na Baba Watoto anakitazama kile kidole kama anavyotazama bomba linalovuja asijue linavujia wapi. Amemwambia! Au hajamwambia? Bi Kimya kasimama kaunta, mtu wa suti yuko kando yake, lazima ndiye mkaguzi, kaja mapema. Anatazama saa. Anatazama mlangoni.

Fundi anasema, dada, andika basi tuandike.

Askari wa benki anasema nikichelewa yeye anaondoka.

Neno ni moja. Kusoma. Herufi sita, namjazia mtu mwingine kila wiki maneno marefu kuliko hilo.

Baba Watoto kasimama. Kaniona. Anakuja mlangoni na kikaratasi mkononi, sura yake siisomi, na hapa kwenye foleni watu kumi na watano wananisubiri niandike.